Viota 11 vilivyoniumbua kule Bahi

Wiki iliyopita dogo mmoja wa chuo hapa Dodoma kaniandikia, "kaka nataka kuhesabu korongo taji kwenye maeneo oevu ya Bahi kwa ajili ya risechi yangu, nianzie wapi?" Nikacheka halafu nikanyamaza, maana miaka sita nyuma hilo swali nilidhani jibu lake ninalo.

Nilikuwa na moto huo huo. Korongo taji si unamjua, yule ndege wa nywele za dhahabu kichwani, Uganda wamemweka kwenye bendera. Mwaka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakamwingiza kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, maeneo oevu yanalimwa, makinda yanakamatwa yakauzwe. Nikasema mimi ndo nitamwokoa.

Mvua zikikolea Bahi maji yanatanda, vichuguu vinageuka visiwa vya matete na korongo anatandika kiota humo humo katikati ya maji. Nikakodi mtumbwi. Mwenye mtumbwi, mzee wa Kigogo, akaniambia "mjukuu wangu, ukimsogelea anatoka, akitoka kenge anaingia." Nikaitika sawa babu, moyoni nasema huyu hajasoma. Nikashuka kila kisiwa, nikapiga picha mayai, mawili hapa matatu pale, kila kiota nikaandika, vikafika 11. Kwenye ripoti nikaweka jozi 11 zinazaliana, nikapigia mstari kabisa.

Siku ya kuwasilisha mkubwa mmoja (simtaji) akauliza ukumbi mzima unasikia, "ulivyorudi mara ya pili vingapi vilikuwa bado na mayai?" Sikuwa nimerudi. "Na korongo akiibiwa mayai si anajenga pengine?" Kimya. Watu wakacheka, na kama ulikuwepo najua na wewe ulicheka. Angeweza kuniita pembeni jamani. Ila swali lilikuwa la haki, huenda jozi moja niliiandika mara mbili na kenge niliwafungulia mlango mimi mwenyewe.

Msimu uliofuata nilikaa mbali na darubini, nikarudi kila baada ya wiki mbili kwa sababu wanaatamia karibu mwezi mzima, baba na mama kwa zamu. Nikapata jozi nne, mbili zikaonekana na makinda. Usilinganishe na 11 lakini, mwaka ule maji yalikuwa machache.

Kwa hiyo dogo, rudi. Rudi tena. Vijana wa siku hizi mnataka picha moja ya kundi kubwa kiangazi muiposti basi kazi imeisha, kundi si wazazi! Korongo anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, unaweza kufurahia wale wale wazee miaka nenda rudi kumbe hakuna mtoto hata mmoja anayekua. Tafuta wenye taji fupi ambao mashavu hayajawa meupe, hao ndo watoto, wahesabu hao. Na siku ukikosa kabisa andika sifuri, usiache nafasi wazi, sifuri nayo ni data. Halafu rudi, nimeshasema eeh.

Mzee bado yupo. Kila nikipanda mtumbwi ananiuliza "leo unashuka?" Sishuki babu. Ukienda Machi nitafute, darubini nitakuazima, ila mkanda wake umekatika, nimefunga kamba ya kiatu.