Barua Pepe Zinaingia, Hazitoki

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Tuna nyumba ya wageni Jambiani. Ofisi ilipokuwa Malindi tulikuwa na intaneti ya waya, na barua pepe zikienda bila tabu. Tangu tuhamishie laptopu shamba na kutumia modemu ya laini ya simu, barua za wageni zinaingia kama kawaida lakini majibu yetu hayatoki. Kwa laini ya kwanza programu inazunguka weee, mwisho inasema muda umekwisha. Kwa laini ya pili tunajibiwa papo hapo: 550, hairuhusiwi kupitisha barua hapa. Anwani ni ya jina letu wenyewe la mtandaoni (domeni), programu ya barua ni Thunderbird, seva ya kutuma ni ile ile ya kampuni ya waya, poti 25. Laini ipi mbovu?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Waalaykumu salaam. Hakuna laini mbovu hapo. Kila moja imekupeni nusu ya jibu.

Kupokea na kutuma ni njia mbili mbalimbali. Barua zinazoingia, programu inazifuata kwa IMAP, lugha ya kuchukua barua, kwa kawaida poti 993 (poti ni namba ya mlango wa seva), kwenye seva inayohifadhi sanduku lenu. Seva hiyo inataka jina na nenosiri tu, haijali mnatokea wapi. Zinazotoka zinakwenda kwa SMTP, lugha ya kutuma, na nyinyi mmezielekeza kwenye seva nyengine kabisa, ya kampuni ya waya. Seva za mtindo huo wa zamani haziulizi nenosiri; humtambua mteja kwa anwani ya IP, yaani namba ya mtandao, aliyojia. Mlipokuwa Malindi mlitokea ndani ya mtandao wake. Leo mnatokea kwenye mnara wa simu, basi kwake nyinyi ni wapita njia, na seva inayokubali kupitisha barua za wapita njia haichelewi kugeuzwa chaka la watuma taka. Hiyo ndiyo 550 yenu.

Laini ya kwanza haikufika hata huko. Mitandao mingi ya simu huifunga poti 25 kwa wateja wake, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na kompyuta zenye virusi kumwaga barua taka. Pakiti, vile vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zinatupwa kimya kimya bila ya mtu kusema hapana, ndipo programu ikangoja mpaka ikachoka. Tofauti hii ishikeni: kungojeshwa mpaka muda ukatike kwa kawaida ni njia iliyozibwa, kukataliwa mara moja kwa namba ni seva inayozungumza, na inafaa kusikilizwa.

Msisumbuke kupigia huduma kwa wateja mkiomba 25 ifunguliwe. Hata ikifunguliwa, bado 550 inakungojeni. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva. Mtu na programu yake wana poti yao, 587, iliyotengwa kwa kazi hiyo tangu 1998, na humo seva hukutaka ujitambulishe kwanza.

Fungueni mipangilio ya akaunti kwenye Thunderbird. Chini kabisa ya orodha ya kushoto kuna seva ya kutuma; ichagueni, kisha bonyezeni kuhariri. Jina la seva liwe lile mlilopewa na kampuni inayohifadhi barua za jina lenu. Mara nyingi huanza na mail au smtp, lakini msibahatishe, litazameni kwenye karatasi zao. Poti 587. Usalama wa muunganisho STARTTLS, yaani usimbaji (kuficha ujumbe kwa siri) unaoanza baada ya salamu. Njia ya kujitambulisha, nenosiri la kawaida. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na @ na kinachofuata. Wengi huandika nusu ya mbele tu wakakwama hapo.

Ikiwa badala ya kuhariri mmeongeza seva mpya, kuna mtego mmoja. Ile ya zamani haiondoki, na akaunti huendelea kuitumia. Rudini kwenye ukurasa wa akaunti yenyewe, teremkeni mpaka chini, chagueni seva mpya kwenye kisanduku cha seva ya kutuma.

Kabla ya kulaumu mipangilio, pimeni njia. Kwenye Windows fungueni PowerShell, andikeni:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587

Mstari wa mwisho ukisema TcpTestSucceeded : True, njia iko wazi. Rudieni kwa 25 muone wenyewe. Kisha wekeni jina la seva yenu badala ya ile ya Gmail.

Ikiwa 587 nayo imezibwa, tumieni 465, lakini hapo usalama uwe SSL/TLS, usimbaji tangu mwanzo, si STARTTLS. Ukiweka 465 na STARTTLS, programu inangoja seva itoe salamu, seva nayo inangoja programu ianze kwa usimbaji, na wote wawili wanakaa kimya mpaka muda ukatike. Mtu atadhani ni mtandao. Ukiweka 587 na SSL/TLS, kosa linakuja mara moja.

Kuna atakayekushaurini mtumie seva ya kutuma ya kampuni yoyote ile, alimradi barua itoke. Itatoka, lakini haitafika mahali pazuri. Jina lenu huwa na rekodi ya SPF inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina hilo, na tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua. Barua iliyopitia seva isiyotajwa huishia kwenye taka za mgeni, na mgeni hupata chumba kwengine.

SWALI: Hapa skuli barua fupi zinatoka, lakini nikiambatisha fomu nilizoskani, megabaiti 15, inakwama katikati na bando linakwisha. Natumia hotspoti ya simu na Outlook.
Mwalimu, Wete

JIBU: Maalim, faili la megabaiti 15 halisafiri likiwa 15. Barua pepe hubeba maandishi, kwa hiyo kila baiti 3 za faili hugeuzwa herufi 4, na kukatwa mistari kunaongeza kidogo. Lako linakuwa kiasi cha 20 na nusu. Ikiwa kasi ya kupandisha ni nusu megabiti kwa sekunde, hizo ni dakika tano na nusu, tena bila ya mtandao kuyumba. Outlook ya kompyuta kwa kawaida huisubiri seva dakika 1 tu. Kwenye mipangilio ya ziada ya akaunti kuna kitelezi kinachofika 10. Kipeleke huko. Kila inaposhindwa njiani huanza upya kutoka sifuri, ndipo bando linapokwenda.

Dawa ya kweli ni kuskani upya. Ukitoka nukta 300 kwa inchi ukaenda 150, nukta zote zinabaki robo, na fomu ya maandishi bado inasomeka. Weka kijivu badala ya rangi. Na ujue kuwa mpaka wa Gmail wa megabaiti 25 unahesabiwa baada ya kufura, kwa hiyo 18 ndio mwisho wa salama.

Lakini kama hata faili la kilobaiti 200 linakwama, shuku ukubwa wa pakiti: huenda ni kubwa kuliko njia inavyopitisha. Kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) jaribu:

ping -f -l 1472 8.8.8.8

Ikishindwa, shusha 1472 hadi 1372. Ikipita sasa, jumlisha 28 za vichwa vya pakiti upate 1400. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike:

netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1400 store=persistent

SWALI: Gmail inanikatalia nenosiri kwenye programu ya barua ya laptopu mpya, namba 535, na kwenye simu nenosiri ni hilo hilo.
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Nenosiri ni sahihi, ila tangu 30 Mei 2022 Gmail ya mtu binafsi haipokei nenosiri la akaunti kutoka kwenye programu za barua zinazoingia kwa jina na nenosiri tu. Chagua OAuth2, yaani kuingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe, kama programu inayo. Kama haina, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha tengeneza nenosiri la programu. Utapewa herufi 16. Ziandike bila nafasi.

SWALI: Kila umeme ukikatika na kurudi, kompyuta yangu ya mezani inasema cheti cha seva si halali, haipokei wala haitumi.
Msomaji, Konde

JIBU: Tazama tarehe kwenye pembe ya skrini. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya ubao mkuu wa kompyuta, inayoshika saa umeme ukikatika, imekufa, na kwa saa hiyo cheti cha seva, kitambulisho chake chenye tarehe ya kuanza na kuisha, bado hakijaanza kutumika. Kwenye kompyuta nyingi betri hiyo ni CR2032, ya duara kama sarafu. Chomoa waya wa umeme kwanza, kisha ukiweka mpya, upande wenye alama ya + uangalie juu.