Maswali na majibu: mnara uliolala wa Suzhou

Kwa nini Wachina hawaunyooshi "Mnara wa Pisa wa Mashariki"? Mbona Waitalia walipunguza mwinamo wa wao?

Jina hilo tuliache. Pagoda ya Yunyan, yaani mnara huo wa Kibudha juu ya Kilima cha Chui Milia mjini Suzhou, ilikamilika mwaka 961. Ule wa Pisa ulianza kujengwa 1173. Isitoshe, huu ni wa matofali yaliyoungwa kwa udongo. Matofali hayo hubeba uzito vizuri ila hayavumilii kuvutwa; ukiyalazimisha, yanaachana. Halafu ghorofa ya saba, ya juu kabisa, ilijengwa upya 1638, ikaelekezwa kinyume ili kusawazisha mwinamo. Nyoosha kiwiliwili leo, kichwa kitapinda upande wa pili.

Ni tetemeko lililouinamisha?

Hapana, na swali hili limeshanichosha. Tani zipatazo 6,300 zimekalia udongo wa kujazia, bila msingi uliotanuliwa. Kusini-magharibi mwamba uko mita 2.8 chini, kaskazini-mashariki mita 5.8. Penye udongo mwingi ndipo panapobonyea zaidi. Kufikia 1980 kilele kilikuwa kimeiacha timazi, yaani mstari wa wima, kwa mita 2.31.

Waliuzuiaje? Fundi wetu anasema zege tu linatosha.

Fundi wenu akae mbali. Miaka ya 1980 mnara ulizungushiwa nguzo 44 za zege na nondo, kipenyo mita 1.4, yapata mita 3 kutoka ukutani, zikaingia sentimita 50 ndani ya mwamba. Mashimo yalichimbwa kwa mikono, maana mashine ingeutikisa. Kila sentimita 80 walimwaga ukingo wa zege wa sentimita 15, shimo lisibomoke, ndipo wakashuka tena. Walianza kaskazini-mashariki, upande unaozama. Nguzo sita au saba zikikamilika, zinafungwa juu kwa mkanda wa zege. Baada ya pete hiyo ndipo wakatoboa mashimo 113 ya milimita 90 na kusukuma uji wa saruji ardhini. Ukigeuza utaratibu, uji unakimbilia mteremkoni na udongo unahama.

Wa pwani wasinielewe vibaya: kuziba nyufa za kuta za matumbawe na chokaa kwa saruji ni kuziua. Saruji hufungia unyevu ndani, jiwe linamomonyoka nyuma yake.

Wageni wanaruhusiwa kupanda?

Hapana.

Ni kweli ndani mlikuwa na hazina?

Ukarabati wa 1956 na 1957 ulifichua masanduku ya misahafu ya Kibudha na bakuli la kauri ya kijani lenye umbo la yungiyungi, ambalo sasa liko makumbusho ya Suzhou. Bei yake msiniulize.