Kona fupi kwenye uwanja wa vumbi

SWALI: Nafundisha wasichana mpira wa magongo hapa Dodoma. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 21, Chile 2025, kona fupi (kona ya adhabu: mpira hutolewa kutoka mstari wa mwisho hadi kwa wenzake walio nje ya duara, eneo la kufungia mbele ya goli) zilizaa mabao. Zetu mpira unadundadunda tu. Tunakosea wapi? – Mwalimu, Kikuyu

JIBU: Pole, Mwalimu. Wale walichezea nyasi bandia. Wewe una changarawe. Fagia njia ya mpira, upana wa mita moja, kutoka mstari wa mwisho hadi nje ya duara, kisha nyunyiza maji kidogo vumbi litulie. Yakizidi ni tope.

Mtoaji asimame mita 10 au zaidi kutoka nguzo ya karibu, mguu mmoja nje ya uwanja, na asukume mpira, asiupige. Wengi huharibu kwenye kupokea: mpokeaji anashika gongo wima, mpira unaruka juu yake. Apige goti, alilaze gongo zima chini. Mpira lazima utoke nje ya duara kabla ya shuti. Shuti la kwanza likiwa la kupiga, livuke mstari wa goli kwa kimo kisichozidi sentimita 46. Kusukuma kwa kuinua hakubanwi hivyo, ila kwa wanaoanza bado mapema.