Nyimbo Yako Iko Kambani Inakauka

SUALI: Shkamoo bi mkubwa. Mie kijana wa Wete, huu mwaka wa tatu naandika nyimbo, nshajaza madaftari mawili, wenzangu barazani wakisikia wanasema "nzuri hiyo" lakini nusu saa haijapita hakuna anaekumbuka hata mstari mmoja, mie mwenyewe nasahau. Ya karibuni hii: "Nakupenda sana mpenzi wangu wa moyoni, bila wewe siwezi kuishi duniani." Nimemwandikia mchumba wangu, kapanda boti Mkoani kenda Unguja kutafuta kazi tokea mwezi wa nne, hata kanga yake aliyoianika kwetu siku ile mpaka leo iko kambani, mama hataki iondoshwe. Nakosea wapi? Vina si ninavyo?

JAWABU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili, nyimbo mara moja tu ikanitosha. Sasa jiulize kwa nini. Hiyo kanga umeitia kwenye barua, kwenye nyimbo haimo! Umemwekea moyo na dunia, na moyo na dunia kila mtu anavyo, wa Wete anavyo, wa Makunduchi anavyo, hakuna wa kukumbuka kuwa ni vyako.

Vina usivitegemee sana. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, kina kinaokotwa tu kama embe msimu wake. Kinachombeba mtu ni mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari. Nimekuhesabia kwa vidole, mstari wa kwanza 15, wa pili 14, yaani muimbaji huku anavuta huku anakimbiza, na msikilizaji ulimi unateleza. Taarabu yetu imezoea 16, nane na nane, katikati unapumua. Hebu soma hivi kwa sauti:

Kanga yako i kambani, nani ataianua
Mama haitii ndani, asema utarejea

Wa tatu utie mwenyewe, mie sikujui mchumba wako. Lakini ona, neno "nakupenda" halimo na hakuna asiejua kama unapenda. Na "kuanua" ni neno la uani, kila mama analisema mvua ikinyanyuka, kwa hiyo keshokutwa akianua nguo zake nyimbo yako itamrudia bila ya kuitafuta. Hapo ndo umemnasa.

Jengine, andika huku unaimba, usiandike halafu ukatafuta sauti. Neno letu aghlabu linakanyagwa silabi ya pili toka mwisho, sauti ikikanyaga pengine neno linageuka, barabara ya gari (baraBAra) si barabara ya sawasawa (baRAbara), herufi zile zile. Nimeshasikia nyimbo nzima imeharibika kwa kuvuta pasipovutwa, na muimbaji ana koo la dhahabu masikini.

Ukitaka mfano mkubwa, muimbaji wa taarabu Siti binti Saad wa Fumba, aliekwenda Bombay 1928 kutia sauti kwenye santuri. Nyimbo yake ya Kijiti ni habari ya mjini, mwanamke kaja kutembea kutoka Dar es Salaam kauliwa, muuaji, Kijiti mwenyewe, kakimbia, waliokwenda kutoa ushahidi ndo wakafungwa. Hakuimba "dunia haina haki", kamtaja mtu kwa jina. Mpaka leo jina lile halijafutika.

SUALI: Bi mkubwa, mie naandika nyimbo za harusini hapa Michenzani. Mafumbo niyafiche kiasi gani? Wengine wananambia niseme wazi tu, siku hizi hakuna mwenye muda wa kufikiri.

JAWABU: Kiasi kwamba anaepigwa fumbo ajue na wa jirani yake ashuku tu. Ukisema wazi ni ugomvi, na ugomvi hauna marudio, mtu anausikia mara moja basi. Ukificha mpaka mwenyewe hajijui umepoteza wino. Shoga yangu mmoja ana kipimo chake na mie nimekiiba: kibwagizo kikitosha kuwa jina la kanga, yale maneno yanayoandikwa juu yake, kimeiva. Kikizidi pindo, kata. Halafu mpe mtu anaepika asikie mara moja tu, usimwambie kama ni chako, ukae kimya umsubiri mpaka aoshe vyombo. Akikiimba mwenyewe kipeleke harusini. Akiimba cha mwengine rudi kwenye daftari, na usinune.