Je, ziara ya gari la jipu kwenye tambarare za chumvi inahitaji dawa ya mwinuko?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili, sote wakazi wa Tabata, tunatarajia kwenda Amerika Kusini mwezi Julai kwa ziara ya jipu ya siku tatu tukiwa na mwongozaji, tukianzia San Pedro de Atacama nchini Chile na kumalizia kwenye tambarare ya chumvi ya Uyuni nchini Bolivia. Wakala anasema kwamba, kwa kuwa tutakaa ndani ya gari, hatuna haja ya kujiandaa kama wapanda mlima. Mwaka 2018 nilifika Horombo, Kilimanjaro, nikaumwa kichwa usiku mmoja tu. Je, tunywe Diamox? Pia mwenzetu mmoja alipimwa akaambiwa ana kinasaba kimoja cha selimundu, ingawa hajawahi kuugua.

Jibu: Marahaba. Nashukuru kwamba umeuliza mapema, na nitaanza na maneno ya wakala, kwa sababu ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Gari litawapunguzia uchovu wa miguu, lakini haliongezi oksijeni hata chembe. Tena kwa upande mmoja linazidisha hatari, kwa kuwa kimo ambacho mpanda mlima hukifikia kwa siku tatu, jipu hukifikia kabla ya chakula cha mchana.

Hewa ya Uyuni, mita 3,656 juu ya usawa wa bahari, ina asilimia 21 ya oksijeni kama hewa ya Kivukoni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, ambao huko ni kama theluthi mbili ya tuliouzoea Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mwili hujibu kwa kuhema zaidi, lakini kuhema huko hutoa kaboni dayoksaidi nyingi na kupunguza asidi ya damu, na ubongo ukiligundua hilo hupunguza kasi ya kupumua, hasa usingizini, mpaka figo zirekebishe hali kwa siku kadhaa. Ndiyo maana tunahesabu kimo unacholala kuliko kimo unachopita mchana. Diamox, yaani asetazolamaidi, huzisaidia figo kufanya marekebisho hayo mapema. Haifichi ugonjwa, inaharakisha mwili kuzoea.

Sasa tazama njia mliyouziwa. San Pedro iko karibu mita 2,400, na ziara zinazoanzia huko kwa kawaida hulala usiku wa kwanza karibu na Laguna Colorada, ziwa la Bolivia lililo zaidi ya mita 4,200. Sisi hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Horombo, iliyokuumiza kichwa, iko mita 3,720, nawe bila shaka ulikuwa umelala kwanza Mandara, kambi iliyo chini yake. Usiku huo hauwezi kukudhamini kwenye safari hii.

Ushauri wangu ni kugeuza safari. Ingieni Bolivia kupitia Santa Cruz, ambao ni mji wa bondeni, mlale Sucre, karibu mita 2,800, siku mbili au tatu, kisha mlale katika mji wa Uyuni siku mbili kabla ya kupanda jipu. Hapo mtaivuka chumvi kwanza, mkilala kwenye kimo ambacho miili imeshakizoea. Usiku wa pili ndio wa Laguna Colorada, na siku ya tatu, baada ya kupita kwenye chemchemi za mvuke za Sol de Mañana zilizo juu ya mita 4,800, mtateremka San Pedro siku hiyo hiyo.

Hata kwa njia hiyo, ninyi mnaotoka usawa wa bahari ningewapa Diamox, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kuanza kupanda mwinuko hadi siku mbili baada ya kufikia kimo cha juu cha kulala, mkishapimwa na daktari wenu. Asiyepatana na dawa za salfa aseme mapema. Vidole vitawasha kama vimekufa ganzi, mtakwenda haja ndogo mara kwa mara, na soda itapoteza ladha. Pombe na dawa za usingizi ziacheni.

Kuhusu mwenzenu, nasema kwa uzito. Mwenye kinasaba kimoja huishi kawaida hapa Dar, lakini penye oksijeni haba chembe zake za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ya bandama. Maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, ni dharura kwake, si gesi. Amwone daktari wa damu kabla ya kulipia tiketi, na kama kipimo kitaonyesha kwamba ana selimundu yenyewe, asiende.

Nilipofanya kazi Moshi tulipokea kijana aliyeshushwa usiku kwa machela ya gurudumu moja, akiwa hawezi kusimama kule juu. Alipofika getini alikuwa akiomba chai. Kilichomponya ni mteremko. Tambarare ya Uyuni ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na tofauti ya kimo kati ya ukingo na ukingo haifiki hata mita moja. Mnaweza kuendesha siku nzima bila kushuka. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizeni kama gari lina mtungi wa oksijeni uliojaa na simu ya setilaiti au redio, na muafikiane kwa maandishi kwamba mmoja akizidiwa ziara inakatishwa.

Kila asubuhi chora mstari kwenye chumvi kwa kisigino cha kiatu, kila mmoja atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Anayeyumba, au anayehema akiwa amekaa tu, apewe oksijeni na gari lielekee chini saa hiyo hiyo, hata kama yeye mwenyewe anasisitiza kwamba yuko mzima.