Jeni Iliyozidi Kwenye Saratani ya Kibofu Si Lazima Iwe ya Ukoo

Majibu ya maabara ya baba mdogo yalipoonyesha "HER2 3+" (alama ya juu kabisa ya wingi wa protini ya HER2 kwenye uvimbe) na mtu akaeleza kwenye kundi la familia kwamba hiyo ni jeni, mashangazi walianza kuhesabu nani upande wa babu alikufa kwa nini. Shemeji akataka watoto wote wapimwe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki, nilimuuliza daktari: hii ni ya kurithi?

Kwa kawaida, hapana. Kila seli ina nakala mbili za jeni hiyo kwenye kromosomu ya 17, moja ya mama na moja ya baba. Hutengeneza protini inayokaa juu ya seli na kupitisha amri ya kugawanyika. Uvimbe wa kibofu ukishajirudufia nakala kibao, protini hizo husongamana, hushikana zenyewe, na amri huingia bila kutumwa na yeyote, kama honi ya daladala iliyonasa. Hayo hutokea ndani ya uvimbe, ukubwani. Damu ya mtoto wake haitakuonyesha kitu.

Baba mdogo kavuta sigara tangu ujana. Sumu za moshi huchujwa na figo, kisha hukaa kwenye mkojo zikigusa ukuta wa kibofu miaka nenda rudi. Kama familia inatafuta wa kumlaumu, ianzie hapo. (Kichocho cha mkojo nacho huleta saratani ya kibofu, ila mara nyingi ya aina nyingine.)

Ukiwa na mgonjwa, swali la kwanza lisiwe jeni. Uliza kama uvimbe umeingia kwenye msuli wa kibofu, maana hilo ndilo huamua matibabu ya mwanzo. Halafu uliza kinyama kilichokatwa kimehifadhiwa wapi. Hugandishwa ndani ya nta, na kipimo kingine kinaweza kufanyika humo humo bila kumrudisha mzee chumba cha upasuaji.

HER2 huwa na maana zaidi ugonjwa ukishasambaa. Aprili 2024 Marekani iliidhinisha dawa inayoilenga, trastuzumab deruxtecan, kwa uvimbe wenye 3+, kwa waliokwisha kupata tiba nyingine na hawana njia nzuri iliyobaki. Bei yake inatisha. Na anayeitumia akianza kukohoa au kuhema kwa shida, daktari aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuumiza mapafu.

Msiichanganye HER2 na FGFR3, jeni nyingine ya uvimbe wa kibofu. Kwa FGFR3, wingi pekee hautoshi: dawa yake, erdafitinib, iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2019, hutolewa jeni yenyewe ikiwa imebadilika. Ni kipimo tofauti, kiulizwe kwa jina lake.

Kwenye kundi niliandika hivi: wavutaji waache, na atakayeona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, aende akaangaliwe kibofu kwa kamera. Shemeji bado anauliza bei ya kupima watoto.