Muulize Refa: Kule faulo, huku hapana?

SWALI: Shikamoo refa. Nachezesha kikapu ligi ya mtaani. Jumamosi, robo ya kwanza, mshambuliaji alimgonga mlinzi kifuani, nikampigia mshambuliaji faulo. Robo ya nne likatokea lile lile, nikampigia mlinzi. Kocha akanifokea: "Amua moja!" Nifanyeje?
Refa mchanga, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nami nilianza hivyo hivyo, macho yote kwa mwenye mpira. Mtazame mlinzi. Alishamkabili mshambuliaji, miguu yote miwili chini, kabla ya kugongana? Kagongwa kifuani? Basi faulo ni ya mshambuliaji, hata kama mlinzi kafika sasa hivi. Kwa mwenye mpira, sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, hazijali mlinzi kafika muda gani kabla wala kwa umbali gani. Wala si lazima asimame kama nguzo: akishajiweka sawa, anaruhusiwa kurudi nyuma au kusogea kando. Hilo makocha wengi hawalijui, na ndio wenye kelele.

Ila mshambuliaji akisharuka, mlinzi anayejitosa njiani mwake ndiye mkosaji. Nahisi hapo ndipo matukio yako yalipotofautiana, na huenda filimbi zote mbili zilikuwa sahihi.

Halafu ile nusu duara chini ya kikapu, yenye nusu kipenyo cha mita 1.25. Kwenye saruji hufutika, ichoreni upya. Mlinzi akiwa ndani yake, aliyeruka na mpira akimgonga hapigiwi faulo, labda awe amemsukuma kwa mkono au kumpiga goti.

Kabla ya mchezo, kubaliana na refa mwenzako nani atamtazama mlinzi wa pili, anayekuja kusaidia. Huyo alinisumbua miaka.